Mbeba Fimbo wa Gati

Mchezo wa gofu ninaujua mimi kuliko mwanamke yeyote kuanzia Sirari mpaka Natta. Nimeutazama kutwa nzima, umande haujakauka hadi jua linaegemea, na mpira wenyewe sikuuona hata mara moja. Nilichokiona ni msichana na mvulana. Kuwaona hao hakuhitaji miwani.

Msichana ni Gati, binti wa kijiji cha Genkuru, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa mtu anayejua kwamba ng'ombe watamfuata hata asipogeuka nyuma. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha utalii huko Mugumu. Kabla ya hapo, fimbo pekee aliyoijua ilikuwa ya kuchungia, na mipira yake ilikuwa ndulele za porini, alizozicharaza zikaruka mpaka ng'ambo ya korongo. Mwalimu Hezekia, aliyekuwa akitafuta wasichana wa kuunda timu ya chuo, alimkuta nyuma ya bweni akipiga jiwe kwa mpini wa fagio.

"Rudia," mwalimu akamwambia.

Gati akarudia. Jiwe likaenda likatoboa tangi la maji.

"Habari za tangi niachie mimi," akasema Mwalimu Hezekia, macho yamemtoka. "Wewe kesho njoo uwanjani."

Msimu wake haukuanza kwa nderemo. Mechi ya kwanza alipiga hewa mpaka hewa ikamwonea huruma. Mechi ya pili nyani alishuka, akauokota mpira wake, akauonja, akauona hauna utamu, akapanda nao juu ya mti. Lakini mechi ya tatu mkono ulikumbuka ndulele. Alipiga mpira ukaimba. Kuanzia siku hiyo wenzake wakaacha kumwita "mwaka wa kwanza", wakamwita kwa jina lake.

Na mvulana? Subira, jamani. Mvulana alianzia mchangani.

Uwanja wao uko jirani na kambi moja ya watalii, upande wa Natta, mahali ambapo ngiri hupiga magoti kula majani yaliyonyolewa vizuri kuliko kichwa cha bwana harusi. Pale kuna mashimo ya mchanga, ya makusudi, ya kumtesa mchezaji. Siku moja mpira wa Gati ulizama humo. Akaupiga, ukarudi. Akaupiga, ukarudi. Mara akasikia mtu anacheka kwa kujizuia, kile kicheko cha puani.

Alikuwa kijana mmoja wa kazi, mtunza majani, amesimama na reki yake. Mabega mapana, meno meupe, kofia imemkaa upande.

"Unacheka nini?" Gati akamuuliza.

"Nacheka mpira, dada. Umekupenda. Hautaki kuondoka."

"Njoo uutoe wewe."

Akashuka. Akapiga. Mchanga ukaruka wote ukamwingia mdomoni, na mpira ukabaki pale pale. Gati akacheka mpaka akakaa chini. Kijana akatema mchanga, akasema, "Naitwa Okal." Huo ndio utambulisho wao, mmoja anatema, mwingine anafuta machozi. Tangu siku hiyo kila Gati akija kucheza, Okal anaacha reki na kubeba mfuko wa fimbo zake. Kedi, ndivyo wanavyomwita mtu wa kazi hiyo.

Okal ni Mjaluo wa Sirari. Amekulia katikati ya Wakurya, anakisema Kikurya kama amekinyonya, na nusu ya ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka. Basi msichana wa Genkuru akampenda. Akampenda vibaya. Akipokea fimbo mkononi mwake vidole vilichelewa kuachana, kama watu wanaoagana kituoni na gari halijaja.

Siku ninayowasimulia ilikuwa ya mechi ya mwisho ya msimu. Wapinzani walikuwa wasichana wa chuo kimoja cha Kenya, wamevaa sketi nyeupe zinazofanana, wamekuja na maji ya chupa na dharau. Gati alikuwa anafunga kamba za viatu aliposikia sauti nyuma yake iliyomfanya afunge kiatu kwa kingine.

"Kumbe ndiko huku!"

Mama yake. Na pembeni ya mama, shangazi Regina, dada wa baba, na wote wawili wamevaa vitenge vya harusini. Walikuwa wamepanda bodaboda tangu alfajiri na vumbi limewapaka poda.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Mbona hamkuniambia?"

"Marahaba. Ningekuambia ungejiandaa," mama akasema. "Mimi nataka kuona kitu kisichojiandaa."

Nyumbani kwao baba alikuwa na ng'ombe na mama alikuwa na neno. Watu wakija kwa baba kuomba jambo, baba husema, "Nitafikiri," halafu anaingia jikoni kuulizia alichofikiri.

"Gati, nisikilize vizuri," mama akaendelea. "Genkuru yote inasema gofu ni kutembea porini na mwanaume kutwa nzima. Nimechoka kusikia. Nikikuta ni mchezo, mwaka wa pili utacheza na nitakuombea. Nikikuta kuna mwanaume nyuma ya mchezo, timu basi. Utasoma na kurudi bwenini, na kila likizo utakuwa jikoni kwangu mpaka moshi ukuzoee."

"Hakuna mwanaume, mama."

"Yule pale anafuta fimbo zako, ni ng'ombe?"

Kule kwenye bomba, Okal alikuwa ameinama, mgongo kwao, anafuta fimbo kana kwamba zina ugonjwa.

"Yule ni kedi tu. Kila mchezaji anapewa wake."

"Unamjua?"

Hapo Gati angeweza kusema ukweli. Lakini aliona mwaka wote wa pili unasimama mbele yake, uwanja, mpira unaoimba, na yule pale kwenye bomba. Akaona vyote vinaingia moshini.

"Simjui," akasema. "Nimepewa leo asubuhi."

Mkono wa Okal ulisimama juu ya fimbo. Halafu ukaendelea kufuta.

Mchezo ulikuwa wa shimo kwa shimo: anayeuingiza mpira kwa mapigo machache ndiye mwenye shimo hilo, na mwenye mashimo mengi ndiye mshindi. Gati alipangiwa Judith, nahodha wa wale wageni, msichana mwenye kiuno chembamba na mdomo mpana.

"Wewe ndio Gati?" Judith akamwambia, anatafuna bazoka. "Nimeskia uko na mkono ya kuchunga."

"Ndio wenyewe. Hata leo nimekuja kuchunga."

"Ai! Haya basi. Tuone ni nani atalala zizini."

Wakaanza. Watazamaji wakawafuata kwa mbali, mama na shangazi wameshika viatu mikononi, maana Mwalimu Hezekia aliwaambia visigino vinatoboa majani. Gati akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe fimbo."

"Ipi?"

"Okal, unajua ipi."

"Nijue wapi, dada? Mimi nimeletwa leo asubuhi."

Gati akageuka. Uso wa Okal ulikuwa wa heshima tupu, kama wa mzee wa kanisa anayepitisha kikapu. Macho lakini yalikuwa yameumia.

"Ulitaka niseme nini?" Gati akanong'ona. "Mama, huyu ndiye ninayemwota?"

"Kwani unaniota?"

"Nipe fimbo!"

Akapewa. Akapiga kwa hasira, na mpira ukaenda kama umetumwa na polisi. Shimo la kwanza likawa lake. Nyuma huko shangazi Regina akapiga kigelegele, akaambiwa na mwalimu kuwa gofu ni mchezo wa kimya, akauliza kama kuna msiba.

Shimo baada ya shimo wakapokezana, hili la Gati, hili la Judith. Jua likapanda. Swala wakatoka kichakani, wakasimama pembeni kama watu waliolipa kiingilio. Gati alihisi mwili wake wote umeamka, nyayo, viganja, mpaka nywele. Alikuwa hajawahi kucheza vile. Na kila akipiga vizuri, alisikia nyuma yake pumzi moja ikitoka, pumzi ya mtu aliyekuwa ameizuia kwa ajili yake.

"Gati," Okal akaita kwa sauti ya chini. Walikuwa mbali kidogo na watu. "Nimeongea na baba yangu mdogo, Obura."

"Umeongea naye nini?" Gati akauliza, tayari ameinua fimbo.

"Nimemwambia avune mahindi haraka. Kuna safari ya Genkuru."

Fimbo ilishuka peke yake. Mpira ukachepuka, ukaingia katikati ya familia ya ngiri. Ngiri wakasimamisha mikia wakatimua mbio, baba, mama na watoto, na shimo likaenda kwa Judith.

"Habari kama hiyo unampa mtu fimbo ikiwa hewani?" Gati akafoka kwa kunong'ona, na mdomo wake unakataa kununa. "Wewe una akili?"

"Nilikuwa nayo kabla ya ule mchanga."

"Okal, mimi sitanii. Mama akijua leo, kabla watu wako hawajafika kwa utaratibu, ataona nimemdanganya na nimejiozesha porini. Timu hakuna tena. Uwanja hakuna. Na wewe nitakuona wapi? Kwenye moshi?"

Okal akaweka mfuko chini, akaupandisha tena begani.

"Na Ujaluo wangu je? Hilo hulisemi."

"Hilo ndilo la kwanza atakalolisema. Atauliza kama utaleta ng'ombe au sato."

"Mwambie nitaleta ng'ombe wanaojua kuogelea."

Gati akacheka, akaziba mdomo kwa glovu. Kule nyuma mama alikuwa amesimama, mkono umekinga jua.

"Mwalimu," akamuuliza Hezekia, "mbona hao wanaongea sana?"

"Wanapima upepo, mama. Gofu ni hesabu."

"Upepo gani huo," akauliza shangazi Regina, "unaomfanya mtoto aonyeshe meno yote?"

Mwalimu Hezekia akakohoa, akaenda kuangalia bendera ambayo haikuwa na tatizo.

"Basi sikia," Gati akamwambia Okal wakiwa wanatembea. "Usimsogelee mama. Usimsalimu, usimtazame. Mechi ikiisha, chukua mfuko, potea. Baba mdogo Obura akija Genkuru, aje kama watu wanavyokuja."

"Nitapotea. Lakini Gati."

"Nini?"

"Nikipotea, unitafute."

Gati alipokea fimbo, na vidole vyake vikachelewa, na safari hii havikuwa na aibu.

Walipofika shimo la mwisho walikuwa sawasawa. Wasichana wengine wote walikuwa wameshamaliza, na chuo kwa chuo nako kulikuwa sawasawa. Kwa hiyo msimu mzima, jasho la Mugumu lote, lilikuwa limebaki kwenye shimo moja lenye ukubwa wa kikombe cha uji. Watu wakasogea. Wapishi wa kambi wakatoka na aproni zao. Hata wazungu wawili waliokuwa wanasubiri gari la kwenda kuona simba wakaamua simba wangoje.

Judith akasukuma mpira wake taratibu. Ukaenda, ukaenda, ukafika mdomoni mwa shimo, ukachungulia ndani, ukakataa.

"Ai, kwani imeona nyoka?" Judith akalia, na kwa mara ya kwanza bazoka ikamtoka.

Zamu ya Gati. Mpira wake nao ulikuwa mbali, na majani yale yalikuwa na mteremko wa unafiki: unauona unaelekea huku, kumbe unaelekea kule. Akiingiza, wameshinda. Okal akachuchumaa nyuma yake, wote wawili wakautazama mstari mmoja, mashavu yao karibu kugusana.

"Kushoto kidogo," Okal akanong'ona.

"Okal. Umetazama majani, au umenitazama mimi?"

Kijana akashusha kofia machoni.

"Wewe," akakiri.

"Basi niache nitazame majani mwenyewe."

Akatazama. Akatembea kuuzunguka mstari, akaugusa ukoka kwa kiganja kama anavyogusa mgongo wa ndama mwenye woga. Kulia. Ilikuwa kulia kabisa. Akasimama. Akasukuma.

Mpira ukatoka kama haujaamua. Ukapanda, ukashuka, ukapinda kulia mpaka watu wakasema umekwenda, halafu ukakumbuka nyumbani. Ulipotumbukia ulitoa sauti ndogo, ko.

Hapo Mwalimu Hezekia mwenyewe akapiga yowe. Shangazi Regina akafungua vigelegele vyote alivyozuiwa tangu asubuhi, kimoja juu ya kingine. Wasichana wa Mugumu wakamrukia Gati wakamwangusha chini. Judith akamnyanyua, akamkumbatia, akasema, "Sista, hiyo mkono si ya kuchunga. Hiyo ni ya wizi." Na mama, yule mama wa neno, alikuwa katikati ya majani matakatifu, anaruka, kitenge kinapepea, anaimba wimbo wa Kikurya wa kusifia mtu aliyerudi na ng'ombe.

"Mwanangu!" akamshika Gati mashavu. "Mwanangu wa tumbo hili! Nimeona kwa macho yangu. Wale wa Genkuru waongo. Hapa hakuna mwanaume, hapa kuna mpira tu! Mwaka wa pili utacheza, wa tatu utacheza, na baba yako nitamwambia amefurahi."

Gati alikuwa analia na kucheka. Juu ya bega la mama alimwona Okal ameshaanza kupotea kama walivyopatana, mfuko begani, anashika njia nyembamba inayokwenda bombani.

"Na yule kijana anakwenda wapi?" mama akashtuka. "Kutwa kabeba mzigo wa mwanangu, hajapata hata asante? Mtasema watu wa Genkuru hatuna adabu. Wewe kijana! Hebu simama!"

"Mama, mwache, ana kazi—"

Lakini mama alikuwa ameshamfuata, na furaha imempa miguu ya msichana. Okal alisikia jina lake halijaitwa lakini kisogo chake kimeitwa, akageuka, na mama alikuwa pale pale mbele yake katika njia ile nyembamba. Akamnyooshea mkono wa kulia.

"Asante, baba. Mungu akubariki. Lete mkono."

Sasa, kwa wewe msomaji wa mbali, huku kwetu mwanaume hampi mkono mama wa mke wake. Hata wa yule anayetaka awe mke wake. Akikutana naye njiani huchepuka, akainamisha macho, akampisha. Si chuki hiyo, ni heshima kubwa kuliko maneno. Mkono huo ukishagusana, kosa lake halifutwi kwa samahani tupu, na posa yenyewe inaingia doa kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Mtu baki yeyote angeupokea mkono ule, akautikisa, akasema amina, mambo yakaisha.

Okal aliutazama mkono ule kama mtu anavyotazama moto. Kama angeupokea, uongo wa Gati ungepona. Akaficha mikono yote miwili nyuma.

"Mikono michafu, mama," akasema, macho chini.

"Michafu? Umefuta fimbo kutwa, hiyo si safi kuliko yangu? Lete hapa."

Mama akasogea hatua. Okal akarudi hatua. Mama akasogea tena. Kijana akatoka njiani kabisa, akaingia kwenye nyasi ndefu na mfuko wake, fimbo zinagongana, akageuza uso pembeni, akainama.

Shangazi Regina, aliyeolewa zamani na kuzaa mabinti watano, akatamka polepole, "Heee."

Mama alikuwa bado amenyoosha mkono hewani. Akautazama ule mkono. Akamtazama kijana aliyeko nyasini. Halafu, taratibu, kama mtu anayeondoa sufuria jikoni bila kuamsha mtoto, akaurudisha, akaufunika kwa upande wa kitenge chake. Na yeye pia akapiga hatua kutoka njiani, upande wa pili, akampa Okal mgongo. Mgongo huo, kwetu, mwanamke hampi mtu asiye wake.

Akawa anamtazama binti yake tu.

"Gati."

"Abee, mama."

"Huyu kijana ulisema umemjua lini?"

"Leo…" Akayatazama majani. "Leo asubuhi, mama."

"Leo asubuhi," mama akarudia, na pembe moja ya mdomo ikaanza kumtoroka. "Na kutoka asubuhi mpaka saa hii nimeshakuwa mama mkwe wake?"